Gari la Mtu Aliyetupa Ng'ombe

Aline mwanangu,

Umekwenda Rugerero kumuaga mama yako mdogo, baba yako ametoka kutafuta bia za wageni wa jioni, na mimi nimejifungia chumbani kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mvua inanyesha. Viazi viko jikoni havijamenywa. Acha vingoje.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule Ngara. Nakuandikia badala ya kusema kwa sababu nyumba hii unaijua, mtu akipiga chafya chumbani, aliye sebuleni anamwambia pole. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo, baba yako atayasikia kabla yako.

Sitakuambia habari za kula, kuvaa, kusali wala za wanaume wa Kigali. Hayo nimeyasema mpaka nikachoka, na najua yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nataka kuzungumza nawe habari ya gari. Kesho utafika Kigali kwa baba mkubwa Gasana, utalala kwake, na asubuhi yake atakupa ufunguo wa gari alilokuwekea. Wewe utampa akiba yako yote uliyoitafuta kwa kutandika vitanda vya watu katika hoteli za ziwani. Kwa gari hilo unataka kupeleka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mboga kwenye mahoteli ya Kigali na kujitegemea. Mpango ni mzuri, sina neno. Ninachoogopa ni kwamba utapokea ufunguo kwa mikono miwili, utasema asante baba, na hutafungua boneti.

Naogopa kwa sababu mimi ndivyo nilivyofanya.

Lile gari la kijivu lililo uani, ambalo kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, wewe unadhani lilizeeka. Ndivyo tulivyokuambia, na ndivyo tunavyowaambia majirani. Halikuzeeka, Aline. Lilikuja kwetu likiwa bovu, limeoshwa, limepuliziwa manukato, na mimi nikalipokea kwa vigelegele.

Tuliporudi kutoka Tanzania hatukuwa na kitu. Tulikuwa na magodoro, sufuria, na wewe mgongoni. Gasana alikuwa amerudi kabla yetu kutoka Uganda, ana ng'ombe wake Mudende. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alimchukua baba yako amsaidie malishoni, akaona ni mtu mwaminifu, na siku moja akampa mtamba mwenye mimba, bila kuombwa. Maziwa yaliyokukuza yalitoka kwa ng'ombe yule. Sitaki usahau hilo hata ukiwa umekasirika, maana ni kweli, na ndiyo sababu jambo lenyewe ni gumu. Angekuwa mtu mbaya tu, ningekuwa nimeshamtukana zamani, na unanijua kwa matusi sishindwi.

Kwetu mtu akikupa ng'ombe hamwezi tena kuwa watu wa kawaida. Mnazikana, mnaoleana, mnafichiana aibu. Baba yako mpaka leo akitaka kuapa hasemi haki ya Mungu, anasema "Gasana yampaye inka", kwamba Gasana ndiye aliyempa ng'ombe, na hapo ubishi umekwisha. Sasa niambie wewe uliyesoma: mke atasimama wapi amwambie mume wake kwamba jina analoapia ndilo lililomuuzia gari bovu?

Ulikuwa darasa la sita alipolileta. Mimi nilikuwa nimechoka kukodi magari ya watu kushusha viazi kutoka Mudende, nikasema nami nipate changu. Gasana, aliyekuwa ameshahamia Kigali na kuanza kuuza magari, akasikia, akatuuzia hilo, akaja nalo mwenyewe mpaka mlangoni. Majirani walitoka. Baba yako alivaa koti. Fundi mmoja aliyekuwa akikaa nyumba ya pili alisogea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Aline, niruhusu nilitazame kidogo, halafu nilizungushe huko juu." Nikamjibu kwa sauti kubwa ili Gasana asikie jinsi ninavyomheshimu: "Unataka kumkagua mtu aliyetupa ng'ombe?" Watu wakacheka. Fundi wa watu akarudi kwake amenywea. Gasana naye akacheka, akasema, "Mama Aline, iko sawa kabisa, hakuna problem."

Nilijivunia sentensi ile kwa wiki nzima. Kumbe nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nikautupa nje.

Unakumbuka tulivyokwama kwenye mlima wa Mudende? Wewe unaisimulia kama sikukuu. Unasema tulikula mahindi ya kuchoma chini ya turubai, tukaimba, ukalala mapajani kwangu. Mimi nakumbuka mvuke ukitoka mbele kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na usukani umekuwa mzito, na breki zimekuwa ngumu kama jiwe kwa sababu injini imezima, na gari lenye viazi vyote vile linaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea bondeni, na wewe ukiwa ndani. Nilivuta breki ya mkono mpaka kiganja kikachubuka. Jiwe ndilo lililotuzuia, jiwe lililokuwa pale kwa bahati tu. Na mpaka injini inazima, kwenye dashibodi haikuwa imewaka taa ya onyo hata moja. Nikasema labda ni mimi, nimelipeleka vibaya.

Fundi wa Mudende alifungua kifuniko cha oili akanionyesha. Ndani palikuwa na uji mweupe, kama chai ya maziwa iliyoachwa mpaka ikaganda. Akasema maji na oili vimekutana, gasketi ya injini imekufa, na haikufa leo. Nikamsikia vizuri kabisa. Nilipofika nyumbani nikamwambia baba yako kwamba gari limechemka kwa sababu ya mlima. Yeye akasema, "Injini ni kama mtu, na yenyewe inachoka." Tukatengeneza. Likaharibika. Tukatengeneza tena. Biashara yangu yote ya viazi iliingia kwenye boneti ile, na viatu vyako vya shule viliingia humo pia. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini huvai vipya kama wenzako, nikakuambia nakufundisha kutunza vitu.

Na Gasana alikuwa akija. Hilo ndilo lililonimaliza. Anakuja Krismasi, anakaa pale kwenye kiti kikubwa, anauliza, "Gari linasemaje?" Baba yako ananitazama. Mimi nasema, "Linakwenda vizuri sana, Mungu akubariki." Mara ya kwanza nilisema kwa heshima. Mara ya pili nilisema kwa sababu nilishasema mara ya kwanza. Baadaye hata ningetaka kusema kweli, ningeanzaje? Angeniuliza mbona mwaka jana hukusema, na mwaka juzi. Kila sifa niliyompa iliniwekea tofali jingine mbele, mpaka nikawa ndani ya ukuta nilioujenga kwa mdomo wangu.

Halafu akawatuma watu kwangu. Mwalimu mmoja wa hapa Rubavu alitaka kununua gari kwake, akaambiwa, "Muulize Mama Aline." Akaja sokoni akaniuliza. Lile la kwangu siku hiyo lilikuwa kwa fundi limeinuliwa juu ya mawe. Nikamwambia gari zake ni nzuri. Sijui la kwake lilikuwaje. Najua tu kwamba siku hizi akija sokoni ananunua viazi meza ya jirani yangu, na kwangu anapita akitazama mbele kama askari.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mfanyabiashara wa Goma, tunamwita Mama Furaha. Nilikuwa nimeshindwa, nikasema niliuze huko huko ng'ambo ya mpaka, wasikolijua. Ndiyo, nilitaka kumpa mwenzangu jipu langu. Alikuja asubuhi mapema, kabla sijanywa hata chai, akaweka kiganja chake juu ya boneti kwanza. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kwa Kiswahili cha Goma, ambacho mbele maana yake ni kabla na voiture ni gari, "Minaangalia kama uliiwasha mbele nikuje. Voiture yenye iko na shida, mwenyewe anaipashaka moto mbele mutu afike." Ilikuwa baridi. Akasema vizuri, akaomba ufunguo.

Hakuwasha. Alizungusha ufunguo nusu tu, mpaka taa za dashibodi zikawaka, akainamisha kichwa kama mtu anayesoma. Kisha akawasha injini, taa zikazimika. Akazima. Akarudia tena. Mimi nimesimama nje na kanga mabegani, sielewi. Ndipo akaniita.

"Mama, kuja uone. Mafuta iko, batiri iko, breki iko. Ile ya moteri iko wapi?"

Nikasema taa ya injini haijawahi kuwaka tangu tulinunue, gari letu halina shida hiyo. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Haijawaka hata siku moja? Bon. Taa yenye kuwaka inakuambia shida. Yenye haiwake hata kidogo, mutu aliiua. Walitoa ampuli ya ndani ya taa, ao walibandika kitu mweusi hapa. Nani alikuuzia?"

Nikamwambia ni mtu aliyetupa ng'ombe. Mama Furaha akaacha kucheka. Alitazama dirishani kwetu, akatazama zizi, ana jamaa upande huu wa mpaka, desturi anazijua. "Donc utanyamaza," akasema, akanirudishia ufunguo mkononi na kunikunja vidole juu yake, taratibu, kama unavyompa mtoto dawa. Hakulinunua. Fundi alipofungua dashibodi baadaye, tulikuta mahali pa taa ya injini pamezibwa kwa utepe mweusi uliokatwa vizuri kabisa kwa wembe.

Nikaurudisha utepe mahali pake. Sijui nilitaka kumficha nani. Nadhani baba yako.

Kwa hiyo nisikilize, na haya usiyapuuze kama ulivyopuuza ya wanaume. Asubuhi ile amka mapema, nenda kwenye gari kabla halijawashwa, uliguse. Likiwa la moto, kunywa chai, subiri lipoe, huna haraka. Zungusha ufunguo nusu uzitazame taa. Zote zinatakiwa kuwaka, ya injini, ya oili, ya breki, ya mifuko ya hewa, kisha ukiwasha injini zizimike. Iliyobaki inawaka ina habari yake, uliza. Ile isiyotokea kabisa ndiyo ya kukukimbiza. Na usitulie hata zikitokea zote vizuri, maana Mama Furaha aliniambia wapo wanaoifunga taa ya injini kwenye waya wa taa nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja kama mapacha, na wapo wanaofuta kumbukumbu za gari kwa mashine jioni ya kuamkia mauzo. Taa inakaa kimya siku mbili tatu, na wewe ukishafika nyumbani ndipo inarudi. Mafundi wa sasa wana mashine ya kuchomeka chini ya usukani. Itawaambia kilichopo, na fundi mzuri ataona hata kama imefutwa juzi. Mchukue fundi asiyemjua Gasana na ambaye Gasana hamjui.

Fungua kifuniko cha oili. Fungua rejeta, lakini likiwa baridi, usije ukaungua uso nikashindwa kukuoza. Maji yakiwa na utando wa mafuta, funga, shukuru, ondoka. Mtu mwingine awashe, wewe simama nyuma utazame moshi. Ule mweupe wa asubuhi unaopotea haraka ni wa baridi tu, ule usiokwisha ni maji yanaungua, na wa bluu ni oili. Halafu lipeleke mlimani. Kigali hawakosi milima. Lipandishe kwa muda mrefu ukiitazama mishale ya dashibodi, siyo kulizungusha mtaani mbele ya wake za watu wanaopiga makofi.

Yote haya ni rahisi. Hata mtoto anaweza. Mimi niliweza kuyajua yote nikiwa nimesimama uani kwangu asubuhi moja. Kigumu ni kuyafanya huku mtu unayemheshimu amesimama kando yako, mikono nyuma, anakutazama. Hapo ndipo nilipofia mimi, na hapo hakuna mashine ya kuchomeka.

Jumapili Gasana alipopiga simu na kusema "nina gari la binti yangu", baba yako aliapa kwa furaha, akaniita nije nisikie. Nilikutazama wewe. Uliinamisha macho, ukasema asante baba mkubwa, hukuuliza ni gari gani, la mwaka gani, linauzwa kwa nini. Nilitaka kulia. Nimekulea vizuri mno, Aline. Nimekufundisha adabu ile ile iliyonifunga, na sasa unaondoka nayo Kigali imekunjwa kwenye sanduku pamoja na magauni.

Jambo moja nitakuambia kwa haki. Sijui mpaka leo kama Gasana alijua. Huenda na yeye aliuziwa mbuzi kwenye gunia, akatuuzia sisi bila kufungua gunia. Miaka yote hii ningeweza kumuuliza swali dogo tu, nikaona ni afadhali kumdhania mwizi kimya kimya huku nikimkaribisha chakula. Hiyo ndiyo heshima niliyompa. Ukiitazama vizuri, ni tusi.

Nilipofika hapo niliacha kalamu. Nimekwenda jikoni, nimemenya viazi viwili, nimerudi. Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba ukiulizwa ni nani kakufundisha kumkagua baba yako mkubwa, useme ni mama. Nikaona aibu. Nakutuma wewe, mtoto, ukaseme kwa uso wako kile ambacho mimi nimekificha nyuma ya sahani za wali. Ndiyo, nilikuwa nakutuma ukabomoe ukuta wangu.

Basi nimempigia simu Gasana.

Nimemwambia Aline atakuja, lakini atakuja na fundi, na gari lisiwashwe mpaka wafike. Aline, nilisema nimeinamisha macho kama msichana anayeposwa.  Nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, taratibu, "Mama Aline, lile la kwenu lilikuwa na shida?"

Nikasema, "Ndiyo. Tangu siku ya kwanza."

 Nikasikia mtu anafunga mlango upande wake. Akasema, "Nipe Baba Aline." Nikamwambia hayupo, ametoka. Akakata bila kuaga, yeye ambaye huwa anaaga mpaka kuku.

Sijui amekasirika au ameona haya. Sijui kesho atakufungulia geti kwa uso gani, na kama utaona hali imekuwa nzito, usibishane, salimia, chukua mkoba wako, nenda kwa yule rafiki yako wa hotelini aliyehamia Kigali. Gari litapatikana. Akiba yako usiitoe kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe yule tulipewa sisi, na deni la heshima yake ni letu mimi na baba yako, tutalilipa wenyewe kwa namna tutakayoweza. Wewe ulikunywa maziwa tu.

Nakupenda. Nimekusema sana katika maisha yako, neno hili nimelisema kidogo, basi lisome mara mbili.

Mvua imepungua. Nasikia geti, baba yako amerudi, anaweka kreti barazani. Simu yake inalia. Namsikia anapokea kwa furaha, "Gasana, ndugu yangu!" kama kawaida yake. Sasa anasikiliza tu; kiti kinavutwa, amekaa. 

Naiweka barua hii chini ya nguo zako, kisha naenda barazani.

Mama yako